Asilimia 40: New York ilivyonaswa na kipimo chake yenyewe

Majira ya joto ya mwaka 1998, maduka ya video za ngono ya Manhattan yalibadilika sura ndani ya wiki chache. Mbele, karibu na dirisha, zikapangwa filamu za karate, katuni za watoto na vinyago vya Statue of Liberty vya kuuzia watalii. Nyuma mambo yalibaki yale yale. Hakuna aliyetarajia foleni ya wanunuzi wa karate. Wenye maduka walikuwa wamesoma waraka wa Idara ya Majengo, wakaona namba 40, asilimia ya duka ambayo vitu vya ngono visiifikie, wakachukua futi kamba na kupima sakafu.

Namba hiyo ndiyo kisa chenyewe. Jiji liliiandika kwa mkono wake. Mwaka 1999 likafungwa nayo mahakamani, mwaka 2001 likaipunguzia nguvu kwa sheria mpya, kisha likatumia zaidi ya miaka 20 likipigania haki ya kuitekeleza hiyo sheria mpya. Makosa yaliyofanyika ni ya ofisini: tafsiri ya neno, namna ya kupima, ushahidi uliokusanywa kabla ya kuandika kifungu. Afisa biashara yeyote aliyewahi kubishana na mwenye baa kuhusu umbali kutoka shuleni atayatambua.

Kwa nini jiji halikupiga marufuku tu

Marekani, filamu au kitabu cha ngono ambacho hakijavuka mpaka wa kisheria wa uchafu unaokatazwa kinalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, kifungu kile kile kinacholinda magazeti. Kwa hiyo halmashauri haiwezi kusema “hatutaki biashara hii hapa”. Inachoweza ni kusema biashara ikae wapi. Mlango huo ulifunguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1976 katika kesi ya Detroit, ukapanuliwa mwaka 1986 katika kesi ya Renton, mji mdogo wa jimbo la Washington. Renton ilikataza sinema za watu wazima, yaani za ngono, ndani ya futi 1,000 (kama mita 305) kutoka makazi, kanisa, bustani ya umma au shule. Zilibaki ekari 520, zaidi kidogo ya asilimia 5 ya mji. Wenye sinema walilalamika kwamba katika eneo hilo hakukuwa na jengo la maana linalouzwa wala kupangishwa. Mahakama ikajibu kwamba Katiba haimhakikishii mtu bei nzuri ya pango.

Kesi ya Renton iliacha masharti mawili. Kwanza, lengo la sheria liwe madhara ya pembeni, yaani uhalifu, kushuka kwa thamani ya nyumba na kuchakaa kwa mtaa. Kinachoonyeshwa kwenye skrini si hoja. Pili, ibaki nafasi ya kutosha ya biashara hizo kuendelea kuwepo. Mahakama iliongeza pia nafuu moja kubwa kwa halmashauri: mji haulazimiki kufanya utafiti wake wenyewe, unaweza kutegemea wa mji mwingine mradi unahusiana na tatizo lake. Renton ilitegemea uzoefu wa Seattle.

Kulikuwa na njia nyingine, ya leseni. Dallas iliijaribu ikateleza. Kanuni yake ilisema mkuu wa polisi ataamua maombi ndani ya siku 30, lakini leseni isingetoka kabla ya ukaguzi wa zimamoto, afya na majengo, na wakaguzi hao hawakupewa siku ya mwisho. Mwombaji angeweza kusubiri mpaka aote mvi bila kukataliwa na mtu yeyote. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema leseni ya biashara inayogusa uhuru wa kujieleza lazima iamuliwe ndani ya muda mfupi uliotajwa, na anayenyimwa apate njia ya haraka ya kufika mahakamani. Ukitaka kujua kanuni ya leseni imeandikwa na nani, tafuta kama idara zote zinazotia saini zimewekewa siku. Aliyewahi kufuatilia leseni ofisini huongeza kifungu hicho kabla ya vingine.

New York ilichagua njia ya matumizi ya ardhi.

Utafiti wa 1994 na sheria ya 1995

Mwaka 1993 Idara ya Mipango Miji ilianza kuhesabu. Ilipata biashara 177 za watu wazima jijini, kutoka 131 mwaka 1984. Ripoti yake ya Septemba 1994 ilipitia tafiti za miji mingine na kuwahoji wenye biashara, mabalozi wa mitaa na madalali wa nyumba. Zaidi ya asilimia 80 ya madalali waliojibu walisema biashara ya aina hiyo huelekea kushusha thamani ya nyumba zilizo ndani ya futi 500. Takwimu za uhalifu hazikuwa na sauti kubwa kiasi hicho, na ripoti yenyewe ilikiri kwamba malalamiko yaliyofika polisi hayakutoa jibu la wazi. Ushahidi wake mzito ulikuwa maoni ya watu wanaoijua mitaa. Katiba haikulikataza hilo, lakini ulikuwa ufa, na mawakili wa upande wa pili hawaachi ufa bila kuutia kidole.

Novemba 1994 Baraza la Jiji lilisimamisha kwa mwaka mmoja ufunguzi wa biashara mpya za aina hiyo. Tarehe 25 Oktoba 1995 ikapitishwa sheria. Biashara ya watu wazima haitakaa katika maeneo ya makazi wala katika sehemu kubwa ya maeneo ya biashara na viwanda. Pale inaporuhusiwa iwe angalau futi 500, kama mita 152, kutoka eneo la makazi, shule, kituo cha kulea watoto, nyumba ya ibada na biashara nyingine ya aina yake. Kiwanja kimoja kitakuwa na moja tu, isiyozidi futi za mraba 10,000. Waliokwisha kuwepo mahali pasipotakiwa walipewa mwaka mmoja wahame au wafunge. Aliyekuwa bado hajarudisha mtaji wake angeweza kuomba nyongeza ya muda katika bodi ya rufaa za ujenzi.

Umbali huo ulifuata wazo la Detroit la kutawanya. Boston ilikuwa imefanya kinyume mwaka 1974, ikazikusanya zote katika mtaa mmoja uliojulikana kama Combat Zone. Utafiti wa New York uliona madhara huwa makubwa zaidi zinaporundikana, basi jiji likatawanya. Kuhusu umbali nina angalizo moja la mezani: kanuni iseme unapimwa kutoka wapi hadi wapi. Mlango hadi mlango, au mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja? Kwa mstari ulionyooka, au kwa njia anayopita mtu kwa miguu? Sheria ya Kenya ya vileo ya 2010 inataka baa iwe mita 300 kutoka shule. Namba kama hiyo inaonekana safi kwenye karatasi mpaka siku shule ina geti mbili.

Kesi ya kwanza kubwa, ya klabu ya Stringfellow's, ilifika Mahakama ya Rufaa ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo. Februari 1998 jiji likashinda: utafiti ulitosha, na maeneo yaliyobaki yalitosha kuzipokea biashara zilizokuwepo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho nayo ikakubali mwaka huo huo. Meya Rudolph Giuliani akawa na ruhusa ya kuanza kufunga.

Neno moja, na waraka uliolitafsiri

Sheria ya 1995 ilisema biashara ni ya watu wazima iwapo “sehemu kubwa” yake imetengwa kwa ajili ya vitu vya ngono. Kwa maduka ya vitabu na video ilitaja mambo ya kuangalia: eneo la sakafu na la chini ya ardhi linalofikiwa na mteja, na kiasi cha bidhaa. Haikusema sehemu kubwa ni kiasi gani.

Mkaguzi anayetumwa mtaani hawezi kubeba neno “kubwa”. Akiulizwa na wakili “kubwa kwa kipimo gani?” atakosa jibu. Basi Idara ya Majengo ikatoa waraka namba 4 wa 1998: kama angalau asilimia 40 ya eneo linalofikiwa na mteja, au angalau asilimia 40 ya bidhaa, ni za ngono, hiyo ni biashara ya watu wazima. Chini ya hapo, siyo. Ndipo likazaliwa jina “60/40”.

Kwa mkaguzi waraka huo ulikuwa zawadi, kwa mwenye duka ulikuwa ramani. Chukua duka la kufikirika. Ghorofa ya chini ina futi za mraba 900 zinazofikiwa na mteja, na nyuma kuna stoo iliyofungwa. Stoo haihesabiki kwa sababu mteja hafiki. Asilimia 40 ya 900 ni 360, kwa hiyo sehemu ya ngono lazima iwe chini ya futi 360. Mwenye duka akifungua na chumba cha chini ya ardhi cha futi 300, akaweka ngazi, taa na rafu za filamu za kawaida, jumla inakuwa 1,200 na kikomo kinapanda hadi 480. Ameongeza filamu za kawaida ambazo labda hazinunuliki, akajipatia futi 120 zaidi za zile zinazonunuliwa, na zote ziko juu, karibu na mlango.

Hesabu ya bidhaa inafanana. Mwenye kanda 3,000 za ngono asiyetaka kutupa hata moja anahitaji za kawaida ngapi? Akiwa nazo 4,500 kamili, jumla ni 7,500 na ngono ni asilimia 40 kamili, amenaswa. Kwa 4,501 yuko salama. Waraka haukusema kanda hizo za kawaida ziwe za majina tofauti, wala ziwe mpya, wala ziuzike. Boksi la kanda kuukuu za bei ya kutupa lilitimiza sharti sawasawa na filamu iliyotoka wiki hiyo, na kununua maboksi ni rahisi kuliko kuhamia pembezoni mwa viwanda.

Klabu zilifanya vivyo hivyo kwa ukuta. Chumba cha jukwaa na wachezaji wa kifua wazi kikabaki chini ya asilimia 40, na eneo lililobaki likawa la mlo, baa au meza za pool.

Jiji lashindwa na waraka wake

Lilipoona hivyo, jiji likaenda mahakamani kwa sheria ya kuondoa kero, ambayo huruhusu jengo kufungwa kwa amri kwa muda usiozidi mwaka. Kesi iliyoamua mambo ilikuwa ya duka la Manhattan liitwalo Les Hommes. Kwa futi kamba na kwa hesabu ya bidhaa, duka lilikuwa ndani ya 60/40. Hoja ya jiji ilikuwa kwamba zile bidhaa za kawaida ni geresha: zipo rafuni kwa ajili ya mkaguzi, si kwa ajili ya mteja. Mahakama za chini zilikubali, duka likafungwa.

Desemba 1999 Mahakama ya Rufaa ikapindua. Jiji lilijiwekea kipimo cha sakafu na bidhaa, na katika kipimo hicho hakuna swali la geresha. Huwezi kumwambia raia “pima hivi”, akipima na kufaulu ukamwambia kumbe ulikuwa unapima moyo wake. Kama jiji linataka kupambana na geresha, libadilishe kanuni.

Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi, ingawa kila mtu mahakamani alijua zile karate zilikuwa za nini. Kosa halikuwa kuweka namba, kwa sababu bila namba jiji lingeshtakiwa kwa kumpa mkaguzi mamlaka yasiyo na mpaka. Kosa lilikuwa kuiacha namba ifanye kazi peke yake, bila hata kifungu kimoja kuhusu namna duka linavyoendeshwa.

Alama nane

Jiji lilifanya kama lilivyoambiwa. Oktoba 2001 sheria ikarekebishwa. Kwa klabu, “sehemu kubwa” iliondolewa kabisa: kama maonyesho ya aina hiyo ni ya kawaida katika sehemu yoyote ya jengo, klabu nzima ni ya watu wazima, ukuta au bila ukuta. Kwa maduka ya vitabu na video, asilimia 40 ilibaki, lakini duka lililo chini yake bado linakamatwa likiwa na mojawapo ya alama nane.

Mteja analazimika kupita katikati ya vitu vya ngono ili afikie vingine. Kuna kibanda cha mtu mmoja cha kutazamia filamu za ngono au maonyesho. Anayenunua filamu ya kawaida analazimika kulipia ndani ya sehemu ya ngono. Filamu za kawaida zinauzwa tu, ilhali za ngono zinauzwa na kukodishwa. Majina ya filamu za ngono ni mengi kuliko ya zile nyingine. Watoto wanazuiwa kuingia dukani au katika sehemu ya vitu vya kawaida. Bango la nje la ngono ni kubwa kupita uwiano wa bidhaa zilizomo. Na dirisha la maonyesho, vivyo hivyo.

Zisome polepole, utaona kila moja inajibu mbinu iliyokwisha kuonekana mtaani. Alama ya majina inaua boksi la kanda: nakala 4,501 za filamu 30 ni majina 30 tu. Alama ya kukodisha inauliza kwa nini mwenye duka haamini kwamba mtu atarudisha karate. Ile ya watoto ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo yenye mtego. Duka lenye katuni za watoto lakini lenye mlinzi anayewazuia watoto mlangoni limejikiri lenyewe, ila likiwaruhusu kuingia linajitia katika balaa jingine.

Kila alama pia inaweza kuthibitishwa na mkaguzi wa kawaida kwa kuangalia, kuhesabu au kujaribu kununua. Hakuna hata moja inayouliza nia. Mahakama ilikuwa imesema nia haimo katika kipimo, nao waandishi wakatafuta vitu ambavyo mwenye nia fulani huviacha vikionekana.

Miaka mahakamani

Klabu na maduka ya 60/40 yalishtaki mwaka 2002. Hoja yao ilikuwa nzuri: utafiti wa 1994 ulichunguza biashara za zamani, zile zilizokuwa ngono mtindo mmoja kutoka mlangoni hadi stoo. Sisi siyo zile tena, mmetubadilisha nyinyi wenyewe kwa sheria yenu. Mnatuzuia kwa ushahidi gani? Mwaka huo huo, katika kesi ya Los Angeles na Alameda Books, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeweka utaratibu wa kupeana mzigo: jiji lilete ushahidi wa kuridhisha, mwenye biashara aonyeshe unavyopwaya, kisha jiji liuimarishe.

Matokeo yalikwenda kama bembea. Mwaka 2003 mahakama ya ngazi ya kwanza (ambayo New York, kwa mzaha wa historia, inaitwa Mahakama ya Juu) iliifuta sheria. Mwaka 2005 ngazi ya kati ikairudisha. Desemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasema usikilizwe ushahidi juu ya swali moja tu: biashara za 60/40 bado zina mwelekeo mkuu wa ngono kama zile za kabla ya 1995, au zimebadilika kweli? Jiji halikulazimishwa kufanya utafiti mpya. Mwaka 2010 jiji likashinda. Ngazi ya kati ikarudisha shauri ili hukumu ifafanuliwe vizuri, na mwaka 2012 jaji yule yule akaamua kinyume. Mwaka 2015 ngazi ya kati ikakubaliana naye.

Njia iliyotumiwa na ngazi ya kati inafaa kutazamwa. Ilichukua orodha ya sifa kama mabango, mpangilio wa ndani na kuzuiwa kwa watoto, ikazipigia alama moja baada ya nyingine na kuona nyingi hazikuthibitika. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilikataa njia hiyo kwamba ni ya kimashine mno. Kwa mahakama hiyo, jiji lilihitaji ushahidi wa kutosha, si vema katika kila kisanduku, na ushahidi uliokuwepo ulionyesha biashara hizo bado zinajihusisha hasa na ngono. Jiji likashinda kabisa, miaka 16 baada ya kuandika sheria. Muda wote huo sheria ya 2001 ilikuwa haijatekelezwa, na waraka wa asilimia 40 uliendelea kuwa sheria ya mtaani.

Kisha klabu na maduka wakahamia mahakama ya shirikisho. Septemba 2019 jaji wa Manhattan alitoa zuio la muda, akigusa jambo ambalo kila mwenye simu alilijua: jiji lilichunguza madhara hayo mara ya mwisho miaka 25 nyuma, na New York ya leo si ile. Biashara ya kanda ilikuwa imekufa kwa intaneti, bila msaada wa Baraza la Jiji. Hata Times Square haikusafishwa na sheria hii peke yake, kwa kuwa jimbo lilikuwa limeanza kutwaa majumba ya sinema ya 42nd Street tangu 1990. Februari 2024 jaji mwingine wa mahakama hiyo hiyo akaamua sheria ya 2001 haivunji Katiba.

Mkaguzi atakayepewa fomu ya sheria hiyo atakuta klabu ni rahisi: kuna maonyesho ya kawaida au hakuna. Dukani atahesabu majina badala ya nakala, atajaribu kukodi filamu ya kawaida, ataangalia anapolipia. Futi kamba ataihitaji zaidi kwenye bango na dirisha, ambapo kifungu kinasema “kupita uwiano” na hakikuandika asilimia.